Vyuo Viwili na Kichwa cha Kuhe

Mwezi uliopita tulimaliza matanga ya Mujomba Kaputo, kaka wa mama yangu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikizunguka nyumbani nimenuna kama mtu aliyeuziwa redio mbovu. Watu wakifiwa hukumbuka wema wa marehemu. Mimi namkumbuka Mujomba kwa mwaka mzima wa ujana wangu alioupoteza kwa kushirikiana na Papa, baba yangu, wote wawili kwa moyo safi, kwa adabu kubwa, bila hata mmoja kuinua sauti. Wangegombana ningewasamehe mapema. Ugomvi una mwisho: mtu anapiga meza, anavaa kofia, anaondoka, na waliobaki wanabaki na jibu. Heshima haina mwisho. Heshima inaweza kukaa kwenye kiti cha saloni, sebuleni kwako, tangu watu watoke misa mpaka taa ziwashwe, inakunywa chai yako, inakusifu mbele ya wageni, na jibu usilione.

Mwaka ule nilikuwa nimefaulu egzeta, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, kwa alama ambazo hakuna aliyezitazamia, mimi wa kwanza. Nilitaka kusomea uhandisi. Sikuwa na ndoto yoyote kubwa. Nyuma ya nyumba yetu, hapa Kalemie, kulikuwa na korongo lililokula mlima kila msimu wa mvua. Kila kiangazi wanaume wa mtaa walijenga ukuta wa mawe kulizuia, kila mvua ukuta ulilala chini, nao wakaujenga tena mahali pale pale kwa mawe yale yale, wakipongezana. Jambo hilo liliniudhi kuliko nilivyoweza kueleza. Nilitaka kwenda mahali wanapofundisha kwa nini ukuta unaanguka, na mahali hapo palikuwa pawili. Kulikuwa na chuo kikuu kimoja Lubumbashi, ambako mdogo wake Papa aliishi na ambako treni ilifika, siku ilipopenda. Na kulikuwa na kingine ng'ambo ya ziwa, Tanzania, ambako Mujomba, aliyekuwa akipeleka na kuleta bidhaa Kigoma, alikuwa na rafiki aliyemjua mtu aliyemjua mtu mwingine. Lubumbashi ilikuwa Kifaransa na ndugu za Papa. Ng'ambo ilikuwa Kiingereza na marafiki wa Mujomba. Vyote viwili vilikubali kunipokea, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Kimoja kingenikataa, leo ningekuwa mwanamke mtulivu.

Historia ya ukoo nitaiacha. Kila familia ya Kalemie inayo, na zote ni ndefu. Linalohitajika ni hili tu. Papa ni Muluba, mtu wa reli, na kwao mtoto ni wa baba. Mama alikuwa Mutabwa wa upande wa Moba, na kwao mtoto ni wa mjomba. Waliishi miaka yao yote ya ndoa bila jambo hilo kumsumbua mtu, kwa kuwa sisi watoto hatukuwa na kitu cha kugombewa. Homa zetu zilikuwa za Mama, na utundu wetu ulikuwa wa shetani. Sasa ghafla kulikuwa na jambo la kuamuliwa, na wenye haki ya kuliamua walikuwa wawili. Tena walikuwa shemeji. Kwetu shemeji humwambii "hapana" usoni. Unaweza kumzunguka, unaweza kumsifu mpaka achoke, lakini "hapana" ni neno la kumwambia jirani anayefunga mbuzi wake kwenye mlango wako, si mtu aliyekupa dada yake.

Kikao cha kwanza kilikuwa siku ya Jumapili. Saloni yetu ilikuwa ya nyumba za reli: sakafu ya saruji nyekundu iliyong'arishwa kwa nta, viti vinne vya mbao vyenye vitambaa vya kroshe alivyofuma Mama, na dirisha lililotazama ziwa, kiasi kwamba saa za mchana mwanga wa maji ulikuwa ukicheza kwenye dari juu ya vichwa vya wazee. Papa alikaa chini ya kalenda ya parokia. Mujomba alikaa mkabala naye, magoti yamebana, kofia juu ya goti. Pembeni alikaa Shangazi Vero, dada mkubwa wa Papa, ambaye hakualikwa na hakukosa hata kikao kimoja. Mama alikuwa jikoni, uani. Mimi nilisimama na beseni na jagi la maji ya kunawa, na kwa muda wote wa mwaka ule hiyo ndiyo iliyokuwa nafasi yangu rasmi katika mjadala wa maisha yangu.

"Shemeji," Papa alianza, "mutoto ni wenu. Weye njo mujomba. Useme, sisi tutafuata."

"Aa, shemeji, unanipa haya." Mujomba akashika kifua. "Mimi ni nani? Baba eko, anapumua, anakula. Baba njo anasema."

"Mimi nilizaa tu. Kuzaa ni kazi ndogo."

"Umuulize dada yangu kama ni kazi ndogo."

Wakacheka. Shangazi Vero hakucheka. "Na huyu mwenyewe, mutoto muke, anataka kujenga ukuta," akasema, akinielekezea kidevu. "Akiolewa atamupikia bwana yake nini? Betoni ya simenti?"

"Betoni ni chakula kizuri, Mama Vero," Mujomba akajibu. "Bwana akila hatembei tena. Anabaki nyumbani."

Halafu chakula kililetwa: bukari, ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, na kuhe, yule samaki mkubwa wa ziwa letu, amelala mzima kwenye sahani ya bati yenye maua. Kichwa cha kuhe ni cha mkubwa wa meza. Kila mtu anajua. Kwa hiyo Papa akaisukuma sahani ili kichwa kimwelekee Mujomba, na Mujomba akaizungusha ili kimwelekee Papa. "Chako, shemeji." "Kwako, shemeji." Sahani ilisafiri juu ya meza, jicho la samaki likimtazama huyu, kisha yule, mpaka mafuta yakaganda na mvuke ukaisha. Walikula mgongo, wakala mkia. Kichwa kikarudi jikoni kizima, na paka wetu, mnyama pekee aliyenufaika na mila za pande zote mbili, akakila kimepoa. Kikao kikafungwa kwa sala. Papa alimshukuru Mungu kwa kuwa tumeelewana.

Tulielewana hivyo mwezi baada ya mwezi. Sasa, nikiwa na umri wa kupewa kiti basini, najua kwamba zipo nchi ambako kijana anayechagua chuo hukaa peke yake mezani, akalinganisha masomo na walimu, akaamua kabla chai haijapoa. Mimi nililinganisha mizigo. Chini ya kitanda changu kulikuwa na sanduku la bati la Papa, lililopakwa rangi ya kijani ya mabehewa, na ndani yake aliweka kompasi ya kuchorea, rula, na shuka la baridi kwa sababu Lubumbashi kunapoa mwezi wa sita. Kando yake kulikuwa na begi la turubai kutoka Kigoma, zawadi ya Mujomba, lenye kamusi ya Kiingereza, ndala mpya na dawa ya mbu. Hakuna aliyelitaja sanduku mbele ya Mujomba. Hakuna aliyelitaja begi mbele ya Papa. Mujomba akija, Mama alikuwa akinionyesha kwa jicho tu, nami nikaenda kulisukuma sanduku ndani zaidi, mpaka ukutani. Asubuhi nilisoma hesabu kwa Kifaransa na jioni nilijifunza kusema kwa Kiingereza kwamba kitabu kiko juu ya meza. Kitabu kilikaa juu ya meza miezi mingi. Nacho kilikuwa kinangoja wazee.

Masomo yalipokaribia kuanza, nilimsikia Papa akizungumza na Shangazi Vero kwenye baraza. Nilikuwa ndani nikipiga pasi, na pasi ya makaa ina faida hiyo: haina kelele.

"Umuambie wazi," Shangazi alisema. "Mutoto ni wa kwetu, wa Ilunga. Jina kwenye diplome ni Ilunga."

"Nitamuambia na macho gani? Amevuka lile ziwa kwa ajili ya huyu mutoto, na mawimbi, na wale wa duane wanamufungulia mizigo kila safari. Na wakati nilikuwa hospitali, ni nani alilala chini ya kitanda changu? Weye?"

"Mimi mugongo unaniuma."

"Njo nakuambia. Acha aende ng'ambo. Nimekwisha kukata ndani ya roho."

Nilisimama na pasi mkononi mpaka nikaunguza kola. Niseme ukweli, nilifurahi. Si kwa ajili ya ng'ambo. Nilifurahi kwa sababu mtu fulani, hatimaye, alikuwa amekata kitu. Usiku ule ule nilitoa kompasi na rula kwenye sanduku la bati nikazitia kwenye begi la turubai, na nikaanza kuzoea wazo la kukiambia kitabu kile cha mezani mambo mapya kwa Kiingereza.

Jumapili iliyofuata Papa alivaa koti. Mujomba alikuwa ametoka safari karibuni, na alikuwa mchangamfu kuliko kawaida, akimsifu Mama kwa sauti ili asikike mpaka jikoni. Nikawanawisha mikono. Papa hakungoja hata sahani izungushwe.

"Shemeji," akasema, amenyoosha mgongo kama mtu anayepigwa picha. "Leo niko na neno. Nilienda kituoni, nikaomba simu ya reli, nikasema na mudogo wangu. Nimemuambia ile nafasi ya Lubumbashi wairudishe, wamupe mwengine. Mutoto anavuka na weye. Imekwisha."

Mujomba alikuwa amekata tonge na kulichovya kwenye mchuzi. Tonge likabaki hewani. Tone la mawese likaanguka kwenye kitambaa cha kroshe.

"Shemeji," akasema polepole, "mimi nilikuwa Kigoma wiki hii."

"Najua. Karibu tena."

"Nilienda kurudisha nafasi yake."

Papa hakuelewa. Niliona kabisa kwamba haelewi, kwa sababu alikuwa bado anatabasamu.

"Nilisema, nitamunyang'anya baba mutoto wake namna gani?" Mujomba aliendelea. "Miaka yote hii umekaa na dada yangu, sijasikia neno baya. Nikawaambia wale wa kule, aksanti sana, huyu atasoma kwao. Wakafuta jina."

Nataka msomaji anielewe vizuri hapa, kwa kuwa kila nikisimulia, watu hudhani natia chumvi. Papa alisimama. Mujomba akasimama, tonge bado mkononi. "Ulifanya ile kwa ajili yangu?" "Na weye, shemeji? Kwa ajili yangu?" Wakakumbatiana juu ya meza, mawese yakaingia kwenye koti la Papa, na wote wawili wakalia. Wakalia kwa furaha! Shangazi Vero, ambaye siku chache kabla alikuwa analia mugongo, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge akasema, "Hii njo familia. Wengine waje wajifunze hapa." Na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya uzuri huo wote na jagi la maji, sina chuo. Nilikuwa na vyuo viwili wakati wa misa. Hakuna hata mmoja aliyenigeukia. Nadhani kama ningedondosha jagi wangeniombea.

Aliyekumbuka alikuwa Mama. Alikuwa amefika mlangoni na bukari ya pili, akayasikia yote. Aliiweka ile bukari chini, akaja mezani, akaondoa sahani ya samaki, akaondoa sombe, akaondoa bukari iliyokuwa mbele ya mume wake, halafu akaondoa ile iliyokuwa mbele ya kaka yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona na sijaliona tena.

"Mama Fina," Papa akasema, "hatujamaliza."

"Mumemaliza. Leo mutakula heshima. Iko mingi, itawatosha."

Nilimfuata jikoni. Alikuwa amesimama mbele ya jiko, anapumua kwa pua, mwiko mkononi. Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu matokeo ya egzeta yatoke, mtu akaniuliza.

"Na weye? Weye mwenyewe unataka wapi?"

Miezi yote ile nilikuwa nimelingoja swali hilo. Nilikuwa nimelijibu kitandani, nimelijibu nikichota maji, nimelijibu kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Nikafungua mdomo. Nikasikia sauti yangu, laini, yenye adabu, ikisema: "Namna mutakavyoona nyinyi, Mama."

Mama alishusha mwiko. "Kumbe ni ugonjwa," akasema. "Kumbe inaambukiza."

Papa alikimbilia simu ya reli, Mujomba akavuka ziwa, na wote wawili wakarudi na jibu moja: mpaka mwaka ujao. Kwa hiyo nilikaa. Nilifundisha wasichana wadogo kugawanya sehemu kwa sehemu, nikasafisha dagaa uani, nikasikiliza mvua. Sanduku na begi zilikaa chini ya kitanda, tupu, zikiheshimiana. Na kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilikwenda kuutazama ukuta wa korongo. Miaka yote tulidhani maji yanaubomoa kwa nguvu, yakija kwa kishindo kutoka juu. Sivyo. Niliuangalia mvua baada ya mvua. Maji yalikaa nyuma yake tu, kimya, ndani ya udongo, yakiongezeka, kwa kuwa hakuna aliyeyaachia tundu la kutokea. Ukuta ulitoa tumbo kidogo. Kesho yake ukatoa tumbo zaidi. Halafu, asubuhi isiyo na mvua hata tone, jua linawaka, ukalala chini. Baadaye profesa alinifundisha jambo hilo kwa mishale na herufi za Kigiriki, nami nikaandika kwenye daftari kana kwamba ni habari mpya.

Kiangazi kikarudi. Nafasi zikaombwa tena, pande zote mbili. Vyuo, kwa ukarimu wao usiojua unafanya nini, vikakubali tena pande zote mbili. Ikaja Jumapili. Papa chini ya kalenda, Mujomba na kofia juu ya goti, Shangazi Vero pembeni, mwanga wa ziwa kwenye dari. Kuhe akawekwa. Papa akaigusa sahani kwa kidole.

"Shemeji, mutoto ni wenu..."

"Naenda Lubumbashi," nikasema.

Sikusema kwa nguvu. Nikageuka upande wa Mujomba, kwa sababu nilijua kwamba nisipomtazama haitahesabiwa. "Mujomba, ng'ambo sitaki."

"Yesu," Shangazi Vero akasema.

Papa, ambaye nilikuwa nimempa alichokitaka tangu mwanzo, aliinamisha kichwa kama mtu aliyeibiwa. "Fina. Umuombe mujomba wako musamaha."

"Musamaha wa nini, Papa? Wa kwenda kule ulikuwa unataka niende?"

Mujomba aliomba maji. Nikamnawisha mikono ambayo haikuwa imegusa chakula. Akasema bukari ilikuwa nzuri, akavaa kofia, akaondoka. Jumapili iliyofuata hakuja. Wala ile iliyofuata. Mama aliendelea kupika kuhe, kwa ukaidi, na kichwa kiliendelea kukaa mbele ya Papa bila kuguswa. Nyumba nzima ilinena nami kwa upole wa hospitalini. Nilipata nilichokiomba na sijawahi kuwa na hasira kama siku zile. Nilitamani mtu anitukane tu, tumalize.

Siku ya treni tulikaa kituoni tangu asubuhi, kwa kuwa iliahidiwa asubuhi. Jua lilikuwa limepita katikati nilipomwona Mujomba anakuja kando ya reli, amebeba mfuko mgongoni, yeye mwenyewe, hakumpa mtu amsaidie. Aliutua miguuni kwangu. Migebuka mikavu, harufu ilifika kabla yake.

"Nilikasirika," akasema. Papa akageuka kutazama, maana neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa baina ya koo zetu mbili. "Nilikasirika sana, Fina. Hata sasa niko nakasirika. Shika samaki hawa. Lubumbashi hawajui samaki."

"Aksanti, Mujomba."

"Usiniambie aksanti. Niko nakasirika."

Watu huniuliza kwa nini nilichagua Lubumbashi, na kwa miaka nimewapa majibu ya mtu aliyesoma: lugha, diplome, urahisi wa kurudi. Nimewaambia kwamba mawimbi hunitapisha, ambayo pia ni kweli. Lakini masomo yalikuwa sawa, na mimi, tukiacha mchezo, sikujua tofauti. Nilichojua ni kwamba lazima mmoja akataliwe. Papa angesema "sawa", angeendelea kusema "sawa" mpaka leo, na ndani angekuwa amebomoka. Mujomba angeondoka kwa hasira, na angerudi. Nikamkatalia yule niliyekuwa na hakika kwamba atarudi. Hivyo ndivyo nilivyochagua chuo cha taaluma yangu, ambayo niliifanya kwa miaka kadhaa, nikajenga kuta zenye matundu, kisha nikaanza kuandika insha, ambazo wahariri wanasema zinavuja kila mahali.

Mama alitangulia, miaka mingi sasa. Shangazi Vero naye, pamoja na mugongo wake. Mwezi uliopita, siku ya kumaliza matanga ya Mujomba, tulikula katika saloni ile ile. Vitambaa vya kroshe vimebadilika rangi. Nilimpika kuhe mimi, nikamlaza mzima kwenye sahani ya bati. Papa alikaa chini ya kalenda, na kiti cha mkabala wake hakuna aliyethubutu kukikalia, hata watoto wa Mujomba. Papa alinawa. Akasali. Kisha akaweka kidole kwenye ukingo wa sahani, akaisukuma, kichwa kikaelekea upande wa pili.

"Shemeji..." akaanza.

Sahani ilikaa pale ilipokaa. Kwa mara ya kwanza haikurudi. Nilitaka kusema neno, na bila shaka sikusema. Baada ya muda Papa alinyoosha mikono, akaivuta sahani tena kwake, akavunja kichwa kwa vidole, akatia mdomoni.

"Kumbe," akasema, akinitazama kwa mshangao mkubwa, "kiko moto."